Ameokoka, zaka hakosi, lakini kokoro bado liko majini: darasa la ubatizo lijibiweje?

Mwl_Igombe

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandaa somo la toba na utii kwa darasa la ubatizo, kanisa la ufukweni huku Ilemela. Wanafunzi karibu wote ni watu wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa: matajiri wa mitumbwi, mabaharia, akina mama wa dagaa. Hawaulizi kinadharia.

Mfano wanaonipa ni huu. Tajiri ameokoka miaka mitatu iliyopita, kabatizwa kwa maji mengi, zaka hakosi. Lakini ana kokoro (wavu haramu wa kuburuta), nyavu zake za dagaa zina macho chini ya milimita 8, mizani yake ya kupokelea sangara imechezewa, na anaishi kinyumba na mwanamke aliyezaa naye watoto wawili. Akiguswa anajibu Waefeso 2:8-9, tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo. Kuacha hataki.

Kwanza, huyu ameokoka au hajaokoka? Pili, Waebrania 10:26 inasema tukifanya dhambi kusudi baada ya kuijua kweli, haibaki tena dhabihu. Wapo waliotishwa na mstari huo hadi wanataka kuahirisha ubatizo mpaka wazeeke. Tatu, toba yake ikija, zile nyavu, mizani na nyumba vifanyweje? Naomba majibu ya kushikika. "Mwombeeni" tumeshaisikia.

---

Mzee_wa_Usharika

Amina, Mwalimu. Nianze na huo mstari anaojifichia. Mwambie asome mstari mmoja zaidi. Waefeso 2:10 inasema tuliumbwa katika Kristo Yesu ili tutende matendo mema. Matendo yametolewa kwenye msingi (mstari wa 9) yakawekwa kwenye kusudi (mstari wa 10). Anayeishia wa 9 amekata sentensi ya Paulo katikati. Hoja yake yenyewe Paulo alishaijibu kwenye Warumi 6:1-2: tudumu katika dhambi ili neema izidi? Hasha.

Halafu Yakobo 2. Watu hudhani anagombana na Paulo, kumbe wote wawili wanamtumia Ibrahimu na wote wananukuu Mwanzo 15:6. Paulo anatazama siku Ibrahimu alipohesabiwa haki, Isaka hajazaliwa. Yakobo anaruka hadi Mwanzo 22, Isaka tayari ni kijana wa kubeba kuni, na anauliza: ile imani ilionekana wapi? Imani anayoikataa ni ile ya 2:19, ya pepo, ambao wanakubali kila neno na kutetemeka. Tajiri wetu hata kutetemeka bado.

Swali la kwanza mimi nisingeliruhusu darasani kwa ndiyo au siyo. Uliza mambo matatu: anajua kwamba ni dhambi? Anaitetea? Anapigana nayo? Mlevi anayeanguka kila mwisho wa mwezi na kurudi analia yuko mahali pengine kabisa na mtu aliyeikalia dhambi yake na kuitafutia andiko. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Huyu hata hakuteleza, alitandika mkeka.

Kwetu Walutheri jibu la imani ni zito kuliko wengi wanavyodhani. Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 12, linakataa mafundisho mawili kwa pamoja: la wanaosema aliyehesabiwa haki hawezi kumpoteza Roho Mtakatifu, na la Wanovatiani waliowanyima msamaha walioanguka baada ya ubatizo. Kwenye Makala za Smalkald za 1537 Luther anamtaja Daudi wazi: alipoingia katika uzinzi na uuaji, imani na Roho vilikuwa vimemwacha. Kwa hiyo mtu asiniambie "sola fide" (kwa imani pekee) ni kibali cha kokoro.

---

Kwa_Neema_Tu

Wazee mnarudisha sheria kwa mlango wa nyuma. Mnyang'anyi msalabani alirudisha nini? Alibatizwa wapi? Yohana 10:28 inasema hakuna atakayewapokonya kondoo mkononi mwake. Tajiri huyo atapoteza thawabu, 1 Wakorintho 3:15, yeye mwenyewe ataokolewa kama kwa moto. Mkianza kupima wokovu kwa milimita za nyavu, nani atapona?

---

Msomaji_wa_Bwiru

Ndugu Kwa_Neema_Tu, swali la mwisho ni zuri. Mnyang'anyi ni mfano mbaya kwako. Msome Luka 23:40-42: amemkemea mwenzake, amekiri adhabu yake ni ya haki, amemtetea Yesu mbele ya umati, amemwomba. Akiwa na saa chache na mikono imepigiliwa, ametii kwa kila kilichobaki huru, yaani ulimi. Tajiri wetu ana miaka mitatu na mikono yote miwili.

Na 1 Wakorintho 3 inazungumzia wajenzi wa kanisa, watu wanaojenga kwa dhahabu au kwa nyasi juu ya msingi. Sura mbili mbele, mtu anayeishi na mke wa babaye haambiwi atapoteza thawabu. Linaamriwa kanisa limtoe (5:13), na 6:9-10 inaorodhesha wasiourithi ufalme, inaanza na onyo: msidanganyike.

Mwalimu, darasani kwako wamekaa watu wa makanisa mbalimbali, kwa hiyo sema tofauti kwa usahihi, kwa maana zinachanganywa sana. Katoliki, kwa Mtaguso wa Trento (kikao cha 6, 1547): dhambi ya mauti inaondoa neema, ila imani inaweza kubaki, imekufa. Walutheri: dhambi ya makusudi inaifukuza imani yenyewe. Wakalvini, kwa Sinodi ya Dort ya 1618-1619: mteule anaweza kuanguka vibaya, akamhuzunisha Roho na kupoteza kwa muda hisia ya neema, ila Mungu hamwachi aangamie, humrudisha kwa toba. Zingatia, "humrudisha kwa toba". Mkalvini wa kweli hamwambii asiyetubu alale usingizi. Humwambia hana sababu ya kujihesabu mteule, kwa 1 Yohana 2:19. Wapentekoste wengi na wafuasi wa Wesley: anaweza kurudi nyuma akapotea, na mlango wa kurudi uko wazi. Ile ya "ukiokoka umeokoka hata usipotubu kamwe" ni tawi jembamba na la karibuni.

Sasa angalia kwa upande wa uchungaji. Mkalvini anasema pengine hakuwahi kuzaliwa mara ya pili, Mpentekoste anasema amerudi nyuma, Mkatoliki anasema yuko katika dhambi ya mauti. Wote watatu wakimtembelea jioni hiyo watamwambia neno lilelile: tubu. Ndiyo maana swali la kwanza lina mvutano mkubwa na matumizi madogo.

Waebrania 10:26. Kitenzi cha Kigiriki ni cha hali ya kuendelea, "tukizidi kutenda", na neno "kusudi" linarudi kwenye Hesabu 15:30, dhambi ya jeuri, mtu aliyeinua mkono dhidi ya Mungu. Mstari wa 29 unaitaja: kumkanyaga Mwana wa Mungu na kuihesabu damu ya agano kuwa kitu cha ovyo. Barua iliandikiwa watu walioshawishika kumwacha Kristo kabisa warudi kwenye dhabihu za zamani. Ndiyo maana "haibaki tena dhabihu": ukiiacha hii, huko unakokwenda hakuna nyingine.

Tahadhari lakini. Wahubiri hupenda kumaliza kila kitu kwa hoja ya "hali ya kuendelea", hasa kwenye 1 Yohana 3:9. Isitegemewe peke yake. 1 Yohana 5:16 inatumia umbo lilelile kwa ndugu anayetenda dhambi *isiyo* ya mauti, na anaombewa uzima. Afadhali usome barua nzima: 1:8 inamkana anayesema hana dhambi, 3:9 inamkana anayefanya dhambi kuwa maskani yake, na 1:9 inasimama mlangoni kwa wote wawili.

Hofu ya wanaotaka kuahirisha ubatizo ni ya zamani. Karne ya nne ilikuwa desturi. Kaisari Konstantino mwenyewe alibatizwa mwaka 337 akiwa karibu kufa. Kanisa halikuipenda desturi hiyo, maana inafundisha kwamba maisha ni ya shetani na kitanda cha mauti ndicho cha Kristo. Wakati huohuo halikuwafungia nje walioanguka. Mtaguso wa Nisea wa 325, kanuni ya 11, uliwapangia walioikana imani bila kulazimishwa miaka 3 kati ya wasikilizaji, 7 ya kupiga magoti, na 2 ya kusali na waumini bila kushiriki meza. Miaka 12. Kanuni ya 13 ikaongeza kwamba anayekufa asinyimwe. Sisi tukimtenga mtu miezi mitatu, kijiji kizima kinasema tumemwonea.

---

Katekista_Ukerewe

Tumsifu Yesu Kristo. Naongeza machache kwa upande wetu Wakatoliki.

Dhambi ni ya mauti yakikutana mambo matatu: jambo lenyewe ni zito, mtu anajua, na amekubali kwa hiari. Kimoja kikikosekana hukumu inabadilika. Baharia aliyeajiriwa kuvuta kokoro, hana chombo, anadaiwa na tajiri, hayuko sawa na tajiri anayekaa nchi kavu akihesabu. Darasa lako litauliza hilo, jiandae. Baharia naye atafute njia ya kutoka, ila usimpige kwa fimbo ya mwenye mali.

Kitubio kina majuto, maungamo na malipizi, na ndani ya majuto lipo kusudi la kuacha. Anayeingia kuungama kokoro huku kesho alfajiri ana zamu ya kulivuta hana cha kuondolewa, na padri anaweza kumwahirishia ondoleo. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanadhani maneno ya ondoleo yanafanya kazi kama sabuni. Na anayejua yuko katika dhambi nzito haendi kukomunika kabla ya kuungama, Kanuni 916 ya sheria ya Kanisa, isipokuwa kuna sababu nzito na hana nafasi ya kuungama.

Watoto wa kinyumba wasiadhibiwe. Wanabatizwa, mradi pana tumaini la kulelewa katika imani. Bado wapo wanaowakatalia watoto ili kuwabana wazazi. Huko ni kumpiga asiyehusika.

---

Mzee_wa_Usharika

Milele amina, Katekista. Nije kwenye swali la tatu, maana ndilo nililolijia.

Wazee wa uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini (Rwanda) na huko Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 ukavuka hadi Bukoba, walikuwa na neno moja kwa kazi hii: kutengeneza. Ukishatubu unakwenda kutengeneza. Unarudisha jembe, unarudisha ng'ombe, unamwomba msamaha uliyemsema. Neno zuri, limeanza kupotea.

Kokoro. Asiliuze. Hili ndilo kosa la kwanza la karibu kila anayetubu, kwa sababu kamba na nyavu zile ni mtaji wa kweli. Akimuuzia mwingine, dhambi imebadilisha mwalo tu na yeye kaila bei yake. Matendo 19:19, wachawi wa Efeso walivichoma vitabu vya thamani ya vipande vya fedha 50,000. Hakuna aliyependekeza mnada. Akabidhi kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni) au afisa uvuvi, mbele ya mashahidi, apewe maandishi. Nyavu za dagaa zenye macho madogo vivyo hivyo. Asikate vipande "vya kuanikia dagaa" avibakize, zitarudi majini kabla ya mwezi kwisha.

Na darasa lielewe kwa nini ni dhambi, isiishie "serikali imekataza", ingawa Warumi 13 inatosha. Kokoro huburutwa chini, karibu na ufuko, palepale sato wanapozalia. Linazoa vifaranga vya samaki na sangara wasiofika sentimita 50. Anayelivuta anachukua msimu ujao wa jirani yake. Ni amri ya nane (kwa hesabu yetu ni ya saba), "usiibe", hata kama jirani hajui kwamba ameibiwa.

Mizani. Leo hiyohiyo itoke kazini, iende Wakala wa Vipimo ihakikiwe. Kisha hesabu. Torati inatofautisha aliyejitokeza mwenyewe na aliyekamatwa, na wahubiri wengi hawaoni. Aliyeungama kwa hiari, Walawi 6:1-5 na Hesabu 5:7: anarudisha mali yote na kuongeza sehemu ya tano. Mwizi aliyekamatwa, Kutoka 22: mara mbili mnyama akikutwa hai, kondoo wanne kwa mmoja na ng'ombe watano kwa mmoja akiwa amechinja au ameuza. Zakayo hakuwa amekamatwa. Alistahili kulipa sehemu ya tano, akajihukumu kwa kipimo cha mwizi, mara nne.

Mfano wa hesabu: mizani inakula gramu 100 kwa kila kilo. Aliyeleta kilo 1,000 kapunjwa kilo 100. Tuseme bei ilikuwa shilingi 7,000: deni ni 700,000, sehemu ya tano ni 140,000, jumla 840,000. Daftari la mapokezi lipo, afungue, aanze na waliopunjwa zaidi na walio maskini. Akishindwa kulipa kwa mkupuo, awaendee, akiri, wapatane mafungu na tarehe. Kwa wasiojulikana, Hesabu 5:8 inatupa mfano: pasipo jamaa wa kulipwa, deni liende kwa Bwana kupitia kuhani. Maoni yangu, lisiingie kwenye jengo la kanisa. Liwarudie watu wa mwalo uleule kwa njia wanayoiona, vinginevyo kanisa limenufaika na mizani.

Na haya hayanunui wokovu. Luka 19 inampa Zakayo ugeni wa Yesu kwanza, malipo yanafuata akiwa amesimama kwa furaha. Ila asiyetaka kulipa anachoweza kulipa anatueleza kitu kuhusu majuto yake.

---

Mama_Ushauri_Mza

Shalom. Nyumba mmeiacha, naona wanaume mmezama kwenye mizani.

Kosa la kwanza ni kumwambia "mfukuze mwanamke". Watoto wawili, miaka kadhaa, anaambiwa aondoke ili baba awe mtakatifu? 1 Timotheo 5:8, asiyewatunza wa nyumbani mwake ni mbaya kuliko asiyeamini. Kosa la pili ni kukimbilia harusi ya haraka kabla ya kuuliza.

Muulizeni mwanamke peke yake, mbali na tajiri na mbali na mama mkwe, kama anataka kuolewa naye. Msishangae akisema hapana. Muulizeni mwanamume kama ana ndoa nyingine popote, na mthibitishe kanisani kwake alikotoka na kwa ndugu. Visiwani na mialoni wengi wana mke halali kijijini. Ikiwa ndoa ile ni ya Kikristo na bado ipo, hii ya pili haifungiki, na ushauri unabadilika wote: matunzo ya watoto yabaki, kitanda kitengane.

Kama hakuna kizuizi, notisi ya ndoa kisheria ni siku 21, na makanisa mengi hutangaza Jumapili tatu. Kisingizio kikubwa huku Usukumani ni ng'ombe: "mahari haijaisha". Sheria ya Ndoa ya 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu mahari haijakamilika. Wazee waende kwa wakwe, waandikiane kilichobaki, ndoa ifungwe. Kifungu cha 160 nacho huweka dhana ya ndoa (kuwahesabu kama wameoana) kwa walioishi pamoja miaka miwili na kutambulika hivyo. Kinamlinda mwanamke mahakamani. Hakimpi mwanamume hoja ya kukwepa madhabahu.

Mpaka siku ya ndoa walale mbalimbali. Nyumba ikiwa chumba kimoja, mwanamume ndiye atoke, alale kambini na mabaharia wake.

Jambo lingine: katika kuuliza likijitokeza kipigo, au mtoto aliyeguswa, au binti aliyechukuliwa akiwa mdogo, hapo Mathayo 18 (kumwonya ndugu faraghani kwanza) haitumiki kama pazia. Ni polisi, dawati la jinsia na watoto, siku hiyohiyo. Baraza la wazee halina mamlaka ya kulimaliza kwa soda na msamaha.

---

Mwl_Igombe

Mbarikiwe. Mama, nimepokea. Bado mawili. Akigoma kabisa, hatua za Mathayo 18 tunazianzaje? Na zaka yake tuipokee?

---

Msomaji_wa_Bwiru

Zaka kwanza, ni fupi. Kumbukumbu la Torati 23:18 inakataza ujira wa kahaba kuletwa nyumbani mwa Bwana kwa nadhiri. Fedha inayojulikana kwamba imetoka kwenye kokoro kanisa lisiipokee, na mchungaji amwambie yeye kwa siri, asitangaze. Zaka imekuwa ndiyo dawa yake ya usingizi. Ninajua kanisa la ufukweni likikataa fedha ya tajiri bati haziezekwi. Ndipo mtajua mnaamini nini.

Mathayo 18:15 ni wewe na yeye peke yenu. Wengi huharibu hapa: jambo limeshasemwa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya kabla hajaambiwa. Aliyeruka hatua hii aanze yeye kumwomba msamaha. Mstari wa 16, mmoja au wawili zaidi. Msichague tajiri mwenzake anayeshindana naye mwaloni, wala anayemdai. Mashahidi ni wa kuthibitisha maneno (Kumbukumbu 19:15), na wawe tayari kugundua kwamba mlalamikaji ndiye mwenye makosa. Mstari wa 17, kanisa. Kusimamishwa meza ya Bwana na kazi za uongozi kuandikwe: kosa gani, tangu lini, na afanye nini ili arudishwe kundini. Kutenga bila kuandika masharti ya kurudi ndiko kunakozaa chuki ya miaka kumi. Akiwa mzee wa kanisa, 1 Timotheo 5:19-20 inataka mashahidi wawili au watatu kabla ya shtaka kupokelewa, na karipio liwe mbele ya wote.

Akishatubu, msimcheleweshe. 2 Wakorintho 2:6-8, Paulo anasema adhabu ile imetosha, msameheni, mtu asije akamezwa na huzuni.

---

Kwa_Neema_Tu

Kwenye Yohana 10 sijahama, ila kwamba andiko lile si la kumpa asiyetaka kutubu, hilo nakubali. Mwalimu, hiyo hatua ya kwanza ya Mathayo 18:15 uiendee lini? Jumapili atakuwa na watu.

---

Mzee_wa_Usharika

Usimwendee wakati wa giza. Usiku mitumbwi iko kwenye dagaa, mchana amelala au anapokea mzigo, atakujibu akiwa amesimama. Subiri mbalamwezi, siku ambazo mitumbwi imevutwa juu na nyavu zinashonwa. Nenda asubuhi, peke yako, ukae naye pale kwenye nyavu.